Alizeti, mawese, samli au mafuta ya nguruwe: chagua kwa kuangalia yanavyosafiri kwenye damu

Kwenye meza za mafuta sokoni Mwanjelwa utakuta alizeti iliyokamuliwa kwenye mashine za mtaani, alizeti iliyosafishwa yenye lebo, mawese mekundu ya Kyela na, ukiulizia vizuri, samli ya wafugaji wa Usangu. Lebo ya alizeti mara nyingi hujisifu kwa maneno makubwa: "Haina lehemu." Ni kweli, na haikusaidii kuchagua. Mafuta ya mimea hayana lehemu (kolesteroli) ya kuhesabika. Mawese hayana, nazi haina, na bado yote mawili hupandisha lehemu kwenye damu ya mlaji.

Sababu ni kwamba lehemu nyingi iliyomo kwenye damu haikutoka kwenye sahani. Mwili huitengeneza wenyewe, na ini ndilo linaloamua kiasi gani kibaki kikizunguka. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya chupa ni hili: mafuta haya yakifika kwenye ini, yatalifanya lipakue mizigo haraka au polepole?

Safari yenyewe

Sehemu kubwa ya damu ni maji, na mafuta hayachanganyiki na maji. Ili yasafiri, mwili huyafunga kwenye vibebeo: vijitufe ambavyo ndani vina trigliseridi (mafuta ya kawaida ya chakula) na lehemu, na nje vina ganda la protini na fosfolipidi linaloelewana na maji.

Vibebeo vya kwanza ni kilomikroni. Huundwa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, na badala ya kwenda moja kwa moja kwenye ini kama sukari inavyofanya, huingia kwenye mishipa ya limfu, hupanda kifuani, na kumwagika kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na mtulinga wa kushoto. Zikipita kwenye misuli na kwenye mafuta ya chini ya ngozi, kimeng'enya cha lipoprotini lipase hupakua trigliseridi. Mabaki humezwa na ini. Damu iliyochotwa saa tatu au nne baada ya sahani nzito ya kitimoto inaweza, ikitulia kwenye kichupa cha maabara, kuonyesha maji yenye ukungu mweupe. Hizo ni kilomikroni.

Katika saa hizo za mwanzo, aina ya chupa uliyonunua haina uzito mkubwa. Kijiko cha alizeti na kijiko cha mawese hupanda vibebeo vilevile na kupita njia ileile.

Tofauti huanzia kwenye ini. Ini nalo hutuma vibebeo vyake, VLDL, vikiwa vimejaa trigliseridi. Vikishapakuliwa njiani hupungua ukubwa na vingi huishia kuwa LDL, ambayo mzigo wake mkuu ni lehemu. VLDL humaliza kazi ndani ya saa chache, lakini LDL huzunguka siku mbili hadi tatu ikisubiri kupokelewa. Anayeipokea zaidi ni ini, kupitia vipokezi vya LDL, ambavyo hapa tutaviita milango. Kazi ya kuvigundua iliwapa Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Milango ikiwa mingi, LDL huondoka mapema. Ikiwa michache, LDL hukaa sana barabarani, na baadhi hupenya ukuta wa ateri, hunasa humo, huoza kwa oksijeni na kuanzisha utando unaoziba njia ya damu.

Aliyewahi kukwama kwenye foleni ya malori ya Tunduma anajua kwamba foleni haitokani na kilichomo ndani ya magunia. Inatokana na idadi ya malori na kasi ya geti. Kila LDL moja hubeba protini moja tu iitwayo apoB, na maabara zenye uwezo hupima hiyo apoB kama mtu anayehesabu malori.

Sasa, mafuta yaliyoshiba, yaani yale ambayo minyororo yake ya kaboni imejaa haidrojeni bila pengo, hupunguza milango ya ini. Yenye mapengo mengi, hasa linoleiki ya alizeti, huiongeza. Yenye pengo moja, yaani oleiki ya parachichi na karanga, yanakaa karibu na alizeti kuliko samli. Mafuta ya trans, yanayotokana na kugandisha mafuta ya mimea kiwandani nusunusu, ndiyo mabaya kuliko yote: hupandisha LDL na kushusha HDL, kibebeo kinachorudisha lehemu kwenye ini, kwa pamoja.

Kijiko kwa kijiko

Takwimu hizi ni za kijiko kimoja kikubwa cha mezani, takriban gramu 14, zikiwa zimekadiriwa kwa kuzungushwa.

| Mafuta | Yaliyoshiba (g) | Pengo moja (g) | Mapengo mengi (g) | Lehemu (mg) |
|---|---|---|---|---|
| Alizeti | 1.5 | 3 | 9 | 0 |
| Parachichi | 1.5 | 10 | 2 | 0 |
| Karanga | 2.5 | 6.5 | 4.5 | 0 |
| Nguruwe | 5.5 | 6 | 1.5 | 13 |
| Mawese mekundu | 7 | 5 | 1.5 | 0 |
| Samli | 8.5 | 4 | 0.5 | 35 |
| Nazi | 11.5 | 1 | chini ya 0.5 | 0 |

Nishati ni ileile kwa wote, kilokalori 9 kwa kila gramu. Hakuna mafuta "mepesi" kwa upande wa unene wa mwili.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni takriban gramu 22. Chukua familia ya watu watano inayomaliza dumu la lita 5 kwa mwezi. Kila mmoja anapata karibu gramu 30 za mafuta kwa siku, yaani zaidi kidogo ya vijiko viwili. Dumu likiwa la alizeti, yaliyoshiba ni gramu 3 tu na nafasi kubwa inabaki kwa ajili ya maziwa, nyama na mayai. Likiwa la mawese, ni gramu 15 kabla hamjagusa nyama. Likiwa samli, zinafika 18 au 19, na nyama choma ya jioni moja inamaliza kiasi kilichobaki.

Alizeti na mawese

Hapa ndipo kaya nyingi za Mbeya, Songwe na Iringa zinapochagua kweli, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwa LDL, alizeti inashinda waziwazi. Tena alizeti ya nyanda za baridi ina faida yake: mbegu zinazojaa wakati wa ubaridi hubeba linoleiki nyingi kuliko zinazokomaa kwenye joto. Lakini linoleiki hiyohiyo ndiyo udhaifu wa alizeti. Mapengo yanayofungua milango ya ini ndiyo yanayoshambuliwa na oksijeni ndani ya chupa. Chupa angavu iliyoanikwa juani kando ya barabara kuu kwa wiki nzima huanza kuoza hata kama haijafunguliwa, na utaijua kwa harufu ya rangi ya mafuta au karanga zilizochacha. Nunua iliyokaa kivulini, ihamishie kwenye chombo kisichopitisha mwanga, ijaze hadi juu, funga vizuri. Usiweke chupa kwenye rafu iliyo juu ya jiko.

Alizeti ya kukamua ina ladha na vitamini E, lakini ina machujo, unyevu na ukamasi wa mbegu. Ikipata moto mkali hutoa povu na moshi mapema. Iache itulie siku mbili au tatu, mimina ya juu taratibu, machujo ya chini yaache. Itumie kwenye mboga, maharage na wali, isiwe ya kukaangia vitu vya kudumbukiza. Iliyosafishwa huvumilia moto zaidi na hukaa muda mrefu.

Baridi ya Juni na Julai inaweza kukusaidia kukagua. Alizeti halisi ya kukamua inaweza kuwa na ukungu au mawingu mepesi chini ya chupa asubuhi. Hiyo ni nta ya maganda ya mbegu, haina madhara, na mafuta yenyewe hubaki yakimiminika. Chupa iliyoandikwa alizeti ikiganda kuwa uji mzito, shuku kwamba imechanganywa na mawese yaliyosafishwa. Kipimo hiki hakithibitishi kila kitu, ila kinatosha kubadilisha muuzaji. Na lebo isiyotaja mmea, inayosema tu "mafuta ya kupikia" au "mafuta ya mboga", isome kama mawese mpaka uthibitishiwe vinginevyo.

Mawese nayo hayastahili kufukuzwa jikoni. Mawese mekundu yana karotini kwa wingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kwa mtoto mdogo anayekula uji na ugali, kijiko cha chai kwenye mboga ni kitu cha maana. Hata mtu mzima mwenye LDL nzuri hana sababu ya kuogopa ndizi za mawese mara moja moja kwa wiki. Kosa ni kuyachoma mpaka yageuke meupe: rangi ikiondoka, karotini imeondoka nayo, na unabaki na gramu 7 zilezile za mafuta yaliyoshiba bila faida uliyoyanunulia.

Samli na mafuta ya nguruwe

Watu hushangaa kuona kwenye jedwali kwamba mafuta ya nguruwe yana yaliyoshiba kidogo kuliko mawese. Ndivyo yalivyo, karibu nusu yake ni ya pengo moja. Tatizo la kitimoto ni kiasi. Nyama huchomwa au kukaangwa kwenye mafuta yake, na mlaji hayapimi kwa kijiko. Nusu kilo ya nyama yenye tabaka nene la mafuta huingiza mafuta mengi kuliko mboga ya siku mbili nyumbani. Mwambie mkaangaji aondoe tabaka la juu, mafuta yaliyobaki kwenye karai yamwagwe, na usiyachovyee ndizi.

Samli ni mafuta ya ladha. Miligramu 35 za lehemu kwenye kijiko si jambo kubwa, kwani yai moja lina karibu 190. Kinachopunguza milango ya ini ni zile gramu 8.5 za mafuta yaliyoshiba. Kwa hiyo ukipenda harufu yake, pika kwa alizeti, kisha mwishoni, sufuria ikishatoka motoni, weka nusu kijiko cha chai cha samli. Harufu inabaki ileile kwa sehemu ndogo ya mzigo.

Parachichi, karanga na nazi

Rungwe na Njombe zimejaa parachichi, na hapa ushauri ni rahisi: kula tunda, usihangaike na mafuta yake ya chupa. Gramu 100 za nyama yake, karibu nusu ya tunda la wastani, zina takriban gramu 15 za mafuta, nyingi zikiwa za oleiki, pamoja na gramu 6 au 7 za nyuzinyuzi ambazo chupa haina. Sharti moja: liwe badala ya mafuta mengine. Parachichi zima likiwekwa juu ya wali uliokwishakaangwa ni kalori za ziada tu.

Karanga ni za katikati, zinavumilia moto vizuri. Zichambue, zilizokunjamana au zenye ukungu zitupwe, kwa sababu ya sumukuvu.

Nazi huuzwa kwa hoja kwamba inapandisha HDL, yaani kibebeo kinachorudisha lehemu kwenye ini. Inaipandisha kweli, pamoja na LDL. Na HDL kupanda si ushahidi wa kinga: dawa ya torcetrapib iliipandisha sana, na ilisimamishwa mwaka 2006 kwa kuwa waliokuwa wakiitumia walikufa zaidi ya wenzao. Usichague mafuta kwa ajili ya HDL.

Mafuta magumu ya kiwandani na baadhi ya majarini ya maandazi: tafuta kwenye lebo maneno yanayoonyesha kwamba mafuta yamegandishwa kwa haidrojeni nusunusu. Ukiyaona, rudisha. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni trans zisizozidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta.

Karai la chipsi

Kwa kudumbukiza, mpangilio unageuka kidogo. Kwenye nyuzi 170 hadi 180, alizeti ya kawaida huchoka kabla ya mawese au karanga. Karai linaloongezewa mafuta mapya juu ya ya jana kwa wiki nzima ni baya kwa mafuta yoyote. Dalili ni zilezile: rangi ya kahawia nzito, povu dogodogo lisilotulia, moshi kabla viazi havijaingia, na mnato kwenye kingo. Nyumbani, kaanga kidogo kwa kikaango, chuja mafuta yakipoa, yatumie tena mara moja au mbili, kisha yamwage. Anayekula chipsi za mtaani kila siku kisha anabishana kuhusu chupa ya nyumbani ameanza na swali dogo.

Pale ambapo kubadilisha chupa hakutoshi

Angalia majibu ya maabara kabla ya kubadili mafuta, na omba namba nne: lehemu yote, LDL, HDL na trigliseridi. Namba moja ya lehemu yote haikuambii ni kibebeo gani kimejaa.

LDL ikiwa haikupimwa moja kwa moja, hukokotolewa: lehemu yote, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2, zote zikiwa katika milimoli kwa lita. Mtu mwenye lehemu 6.0, HDL 1.2 na trigliseridi 1.8 ana LDL ya takriban 4.0. Trigliseridi ikizidi 4.5 hesabu hiyo haifai. Rudia kipimo ukiwa umefunga kula saa 9 hadi 12. Majibu yakija kwa miligramu kwa desilita, gawanya lehemu kwa 38.7 na trigliseridi kwa 88.6.

LDL ikiwa juu kiasi, mathalani kati ya 3 na 4.5, na trigliseridi ni nzuri: hapo ndipo kuhama kutoka samli au mawese kwenda alizeti kunalipa. Ongeza kikombe cha maharage ya kuchemsha kwa siku. Nyuzinyuzi zake hushika chumvi za nyongo na kutoka nazo chooni, ini hulazimika kutengeneza nyingine kwa kutumia lehemu, na kwa ajili hiyo hufungua milango zaidi. Kwa wanywaji wa kahawa ya Mbozi au Mbinga: kahawa ya kuchemsha isiyochujwa ina kafestoli, kitu kinachopandisha LDL. Kichujio cha karatasi huizuia karibu yote, chujio la waya haliizuii.

Trigliseridi zikiwa juu, kati ya 1.7 na 10, chupa ya mafuta si mshitakiwa wa kwanza. Hapo ini linatuma VLDL nyingi kwa sababu ya wanga na sukari kupita kiasi, pombe, unene wa tumbo au kisukari kisichodhibitiwa. Anayeacha samli kisha akaijaza nafasi yake kwa ugali mkubwa zaidi, soda na lita ya ulanzi atashangaa namba zikipanda. Punguza hivyo kwanza. Kwa upande wa mafuta, kula samaki wa Ziwa Nyasa waliochemshwa au kuchomwa badala ya kukaangwa.

Trigliseridi zikizidi 10 ni habari nyingine, na daktari anahitajika mapema, kwani kongosho linaweza kuvimba ghafla. Kilomikroni zenyewe zimekwama kwenye damu, na kama tulivyoona, kilomikroni hazibagui chupa. Alizeti, samli na parachichi vyote vinakuwa kitu kimoja, na mafuta yote ya siku hupunguzwa sana, mara nyingi hadi gramu 15 au 20, mpaka namba zishuke.

LDL ya 5 na kuendelea, hasa kwa kijana mwembamba au pale ndugu wa damu walipopata shambulio la moyo mapema, huashiria milango iliyozaliwa michache. Alizeti itasaidia kidogo, dawa za statini zitasaidia zaidi: hupunguza utengenezaji wa lehemu ndani ya ini, nalo likihisi upungufu hufungua milango.

Ukishabadili mafuta, usikimbilie maabara baada ya wiki moja. Subiri wiki 8 hadi 12, pima kwenye maabara ileile, na katika kipindi hicho usibadili chupa tena.